Nilivyomsoma Hakluyt: usinunue chapa niliyonunua mimi

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Mwaka jana bibi mmoja wa Kiingereza aliniuliza, tumekaa Forodhani tunakunywa maji ya miwa: meli ya kwanza ya kwao kufika Zanzibar ilikuja lini? Nikamjibu bila hata kukohoa, zama za Seyyid Said. Akatabasamu, akasema, "Mtafute Lancaster kwenye Hakluyt." Nimekosea kwa zaidi ya miaka 200, na nalipwa kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa asiyemjua, Richard Hakluyt alikuwa kasisi wa Kiingereza aliyekusanya habari za safari za baharini za watu wa nchi yake: barua, ripoti za manahodha, orodha za bidhaa, masimulizi ya walionusurika. Mkusanyo wake mkubwa, Principal Navigations, ulitoka mara ya kwanza mwaka 1589, kisha akaupanua ukawa juzuu tatu, 1598 hadi 1600. Mwenyewe hakufika mbali zaidi ya Ufaransa. Alikuwa mtu wa kukaa na kuwasikiliza waliorudi.

Nikaagiza kitabu mtandaoni. Muuzaji simtaji, ila nilitoa Sh 140,000 pamoja na usafirishaji, nikasubiri wiki saba. Kilipofika nilidhani nimeuziwa kitabu cha lugha nyingine. Zamani Waingereza herufi "s" ya mwanzo au katikati ya neno waliichapa kwa umbo linalokaribia "f". Sasa hawa jamaa walipitisha kitabu kizee kwenye mashine, mashine ikasoma "f" kila mahali, na hakuna binadamu aliyepitia. Meli ikawa "fhip". Neno lao la tanga, "sail", likawa "fail", yaani kufeli. Kwa hiyo kila walipotweka tanga, kitabu changu kikasema wamefeli! Hakina yaliyomo, kurasa kadhaa zimekatwa pembeni, na kubwa kuliko yote, walichoniletea ni juzuu ya kwanza, ya Urusi na bahari za barafu. Zanzibar haimo. Niliomba nirudishiwe pesa, mpaka leo najibiwa na roboti.

Mwisho nikapakua bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, toleo alilohariri Edmund Goldsmid miaka ya 1880. Hilo "s" zake ni "s". Tahajia imebaki ya zamani, "u" na "v" zinabadilishana viti, "upon" utaiona "vpon", lakini ukisoma kwa sauti masikio yanaelewa kabla ya macho. Goldsmid aliupanga upya mkusanyo, kwa hiyo usihangaike na namba za juzuu. Tafuta tu neno Zanzibar.

Safari yenyewe ilisimuliwa na Edmund Barker wa Ipswich, luteni wa nahodha James Lancaster, Hakluyt akaandika. Meli tatu ziliondoka Plymouth tarehe 10 Aprili 1591. Moja ilirudishwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema na wagonjwa, moja ikapotea kwenye dhoruba, ikabaki ya Lancaster, Edward Bonaventure, peke yake. Siku chache baadaye radi ikaipiga, watu wanne wakafa palepale. Komoro, mabaharia zaidi ya 30 waliuawa ufukweni walikoteremka kuchota maji. Barker anayapitisha haya kwa mistari michache, bila kilio, na ndiyo maana yanakukaa.

Halafu wanafika kwetu, Novemba 1591, na wanatia nanga mpaka tarehe 15 Februari.

Hapo niliacha kusoma kama mteja. Barker anaeleza vyombo alivyoviona, anaviita "pangaia": mbao zimebanwa kwa vigingi vya mti, zimeshonwa kwa kamba, na nyufa zimezibwa kwa makumbi ya nazi yaliyopondwa. Huo si mtepe huo? Aliyewahi kuuona ule uliokuwa Beit al-Ajaib, kabla jengo halijaporomoka mwaka 2020, hahitaji picha. Nilimsomea mjomba wangu, ambaye ameunda majahazi maisha yake yote, nikimtafsiria mstari kwa mstari. Akanikatiza: "Na chombo chao wenyewe walikipaka nini?" Nikashuka chini kidogo, jibu lipo. Walipata hapa kama ratili elfu moja za utomvu wa kijivu na mweupe, unaofanana na ubani, unaonata, ukiyeyushwa unakuwa mweusi kama lami, lakini ukikauka unavunjika, kwa hiyo wakauchanganya na mafuta. Mafuta hayo waliyapora kwenye chombo kimoja njiani karibu na Guinea, mitungi 300. Mjomba akasema sandarusi hiyo, na bila mafuta ingepasuka safari ya kwanza. Mimi nasema huenda ni sandarusi. Yeye hana huenda.

Kisa cha sharifu ndicho kilichonichoma. Wareno walikuwa na kituo kidogo cha biashara hapa, nao wakawaambia watu kuwa Waingereza ni wala watu, wasiwasogelee. Basi Waingereza wakateka chombo cha wenyeji, ndani yake mna kiongozi wa dini ambaye Barker anaandika cheo chake "Sherife". Anasema walimtendea kwa adabu sana, na mfalme wa Zanzibar akafurahi, akawapa chakula cha miezi miwili ili aachiwe. Muda wote huo wakamshikilia. Kwetu mtu akimshika mzee wa watu mpaka aletewe mbuzi na kuku, tunaliita jambo hilo kwa jina lake. Barker hana hata chembe ya kuona tatizo, na jina la sharifu hakuliandika. La daktari wao, Arnold, aliyepigwa na jua akitafuta ng'ombe hapa kisha akafa, limo.

Siku sita kabla ya kuondoka, mkuu wa kituo cha Wareno aliwaandikia barua ya kirafiki kuomba mtungi wa divai, mtungi wa mafuta na baruti kidogo. Barua ililetwa kwa mtumbwi na watu wawili, mmoja mtumishi wake mweusi. Waliyoomba yakapelekwa na yule mwingine. Mtumishi wakaondoka naye, kwa sababu walisikia amewahi kufika India na anazijua habari za huko. Barker anakiri wazi kwamba ndiyo desturi yao: kila wanapofika, wakamate mtu mmoja au wawili wajifunze lugha na hali ya nchi.

Na pamoja na mateka wote hao wa kuwapa habari, waling'oa nanga Februari, kaskazi bado inawavumia usoni, wakielekea India! Mikondo ikawasukuma kaskazini hadi jirani na kisiwa cha Socotra, wakawa wanajadiliana waingie Bahari ya Shamu au vipi, ndipo upepo ukawageukia. Mjomba alipofika hapo alicheka mpaka akavua kofia.

Kwa upande wa huduma: toleo la bure nyota nne. Nimepunguza moja kwa sababu mkusanyo una kurasa nyingi mno za hati za upendeleo, ushuru na maagizo kwa wafanyabiashara, ambazo nimeziruka bila haya. Chapa yangu ya laki na arobaini, nyota moja, na hiyo ni ya boksi. Ukiwa na subira endelea na Lancaster mpaka kisiwa cha Saint Helena, umkute John Segar, fundi cherehani aliyeachwa huko miezi kumi na minane, amejishonea mavazi ya ngozi ya mbuzi, manyoya nje. Alipowaona wenzake usingizi ukamkataa siku nane, akafa.

Yule bibi ameniandikia kwamba anarudi Desemba. Nimeshapanga tuanze bandarini, si Forodhani, na mjomba amesema atakuja kwa hiari yake, bila malipo, amweleze habari ya kaskazi.