Rangi za lateksi ya maji madukani Kampala: ipi ununue, ipi uiache

Ukiulizia Kampala rangi ya kutia kwenye lateksi ya maji, ile ya kutengenezea vinyago na vidonda bandia vya waigizaji, utawekewa mezani vitu vinne: rangi iliyokwisha sagwa ikawa uji mzito, unga wa oksidi wa kupaka sakafu za saruji, akriliki ya wachoraji, na rangi ya chakula ya waoka keki. Muuzaji atakuambia zote zinafanya kazi. Kubadilisha rangi zote zinabadilisha, ni kweli, lakini uji na unga ndizo za kutegemea kuiacha lateksi ikiwa bado mpira, na unga wenyewe una masharti.

Kabla ya rangi, kagua lateksi. Huu ni utomvu wa mti wa mpira uliotiwa amonia usigande. Ile nzito ya kiwandani huwa na mpira karibu asilimia 60, kinachobaki karibu chote ni maji. Fungua kifuniko dukani. Harufu ya amonia ikikupiga pua, ni nzima. Ikinuka kama maziwa yaliyochacha, au ukiona vibonge mdomoni mwa chupa, irudishe. Jihadhari hasa na ile iliyopunguzwa dukani na kujazwa kwenye chupa za maji ya kunywa: kila chombo kinapofunguliwa amonia inatoroka, na chupa inayoona jua la dirishani siku nzima huanza kuganda hata kabla hujainunua.

Sasa uji. Aina mbili zinauzwa. Moja imetengenezwa kwa ajili ya lateksi, huagizwa kutoka nje na bei yake inauma. Nyingine ni ile ya vichupa vidogo inayouzwa maduka ya rangi za nyumba, ya kukorogea rangi ya maji ya ukutani. Hii ya pili inafaa vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi kichupa kiseme ni ya rangi za maji. Ile inayokubali pia rangi za mafuta ina viyeyusho vinavyoweza kuigandisha lateksi hapo hapo. Kasoro ya hii ya rangi za maji ni kwamba inachelewesha kukauka, na haikutengenezwa kwa ngozi ya mtu. Itumie kwa vinyago, mikono bandia na mapambo ya jukwaa. Ya usoni iwe rangi ya daraja la vipodozi, hapo hakuna mjadala.

Kipimo: kwa gramu 100 za lateksi, anza na gramu 3 za uji. Gramu 5 zinatosha kuziba kabisa, yaani mwanga usipenye, na ukizidi sana hapo utando unakuwa dhaifu na unachanika ukivutwa. Pima kwa mizani ndogo ya gramu au kwa bomba la sindano la duka la dawa. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakofanya bakuli la pili lisifanane na la kwanza. Koroga polepole kwa kijiti cha plastiki au mbao dakika mbili tatu, kisha funika na uache saa nzima mapovu yapande. Mashine ya kupigia mayai ikae mbali: inajaza povu linaloacha vitundu kama vya pini, na msukosuko wenyewe unaweza kuigandisha.

Jambo linalowaponza wengi ni kuihukumu rangi ikiwa bado mbichi. Lateksi mbichi ni nyeupe kama maziwa, na weupe huo unapotoka, rangi inakolea sana. Waridi ndani ya bakuli inakuwa nyekundu ya nyama ikikauka. Isitoshe mpira wenyewe hukauka na umanjano wa asali, kwa hiyo buluu huelekea kijani kidogo. Paka tone kwenye kioo au kigae, likaushe kwa upepo wa feni, ndipo uamue kuongeza.

Unga wa oksidi ndio rahisi kupatikana, kila duka la vifaa vya ujenzi linao: nyekundu, njano, nyeusi. Tatizo ni kuumwaga mkavu. Unga mkavu hunyonya maji yanayozizunguka chembe za mpira, chembe zinagusana, na unapata punje zenye kiini kikavu ambazo hazitavunjika tena hata ukoroge hadi jioni. Ulowanishe kwanza. Chukua gramu 10 za unga, mililita 12 za maji safi na tone moja la sabuni ya maji ya vyombo. Saga kwenye kinu kidogo, au kwa mgongo wa kijiko juu ya kigae, mpaka ukisugua kati ya vidole viwili vilivyovaa glavu husikii mchanga. Acha ulale usiku kucha, kisha chuja kwa kipande cha soksi ya nailoni. Hapo umepata uji wako mwenyewe, na kwa gramu 100 za lateksi unatia gramu 6 hivi, kwani nusu yake ni maji.

Maji hayo yasiwe ya kisima chenye chumvi, maana madini ya kalisi na magnesi yaliyomo huigandisha lateksi. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, lakini soma chupa mara mbili: ya kujazia ni maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, na jirani yake kwenye rafu ni asidi. Tone la asidi na bakuli zima ni jibini.

Oksidi ya sakafu haina usafi wa kuaminika. Nyingine huongezwa unga wa chokaa ili ijaze mfuko, nyingine hubaki na chumvi. Jaribu kijiko kimoja cha lateksi kwanza, kikae saa moja. Kikizidi kuwa kizito, uoshe unga huo kwa maji mara tatu, ukiuacha utulie na kumwaga maji ya juu kila mara, au ununue mwingine. Na hii pia usiipeleke usoni.

Kwa rangi ya ngozi zetu, changanya sehemu 4 za njano, 2 za nyekundu na 1 ya nyeusi, halafu rekebisha. Nyeupe iache. Waigaji wa mafunzo ya mtandaoni, ambayo mengi hulenga ngozi za Wazungu, hutia nyeupe ili rangi izibe, na kidonda bandia kinatoka kama kimepakwa jivu.

Akriliki inapita kwa shida. Sehemu 1 kwa 10 za lateksi bado unapata mpira. Zaidi ya hapo kinyago kinapasuka kwenye mikunjo ya mdomo. Rangi za posta za watoto wa shule, zilizojaa chaki, ziache dukani. Rangi ya chakula ni hasara: hiyo huyeyuka, si chembe, kwa hiyo jasho linaitoa na kuipaka shingoni kwa mwigizaji, jua linaipausha, na zenye asidi ya limau zinagandisha bakuli.

Kuna na unga wa dhahabu wa waandika mabango. Unang'aa kweli, lakini ni shaba, na shaba huuozesha mpira: kwanza unanata, baadaye unakatika kama biskuti. Ukitaka mng'ao, nunua unga wa maika, madini yanayometameta, uunyunyize juu ya tabaka la mwisho likiwa bado linanata.

Mafundi wanaopaka lateksi kwenye lubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, watumie tabaka la kwanza bila rangi, lililopunguzwa kidogo kwa maji yale yale yasiyo na chumvi. Nyuzi za mutuba zinakunywa sana, hakuna haja ya kuzinywesha rangi ya bei. Tabaka la pili na la tatu ndiyo yenye rangi.

Majira ya mvua, tabaka jembamba linaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Weupe ukionekana katikati, ndani bado maji. Usirundike lingine juu. Likikauka lipake poda ya mtoto kabla ya kulikunja, la sivyo litajinata na halitaachana. Mafuta ya mgando na losheni yasiliguse.

Kwa usoni, mpakie mwigizaji tone ndani ya kiwiko siku moja kabla. Anayewashwa na maputo au glavu za mpira usimpake kabisa. Kope, nyusi na ndevu zisiguswe, kwani lateksi hung'oka na nywele zake.

Brashi chovya kwanza kwenye maji ya sabuni kila unapoanza, na ukipumzika irudishe humo. Brashi iliyokaukiwa lateksi haioshwi kwa lolote, kwa hiyo nunua zile za bei ndogo za Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla katikati ya Kampala.