Levothairoksini kwa mjamzito, maoni yangu baada ya kuitumia mimba nzima

Kwa wenzangu wenye tezi ya thairoidi inayozalisha homoni kidogo na mna mimba au mnatafuta. Dawa yenyewe naipa nyota 5, maelezo ninayopewa dirishani nikichukua dawa nayapa 2 tu.

Hiki kidonge ni homoni ileile ambayo tezi ilitakiwa itengeneze, kwa hiyo kwa mtoto sio kitu kigeni. Tezi yake inaanza kujitengenezea homoni kama wiki ya 12 hivi, na hata hapo anaendelea kutegemea ya mama mpaka karibu nusu ya mimba, na ndo kipindi ubongo unajengeka. Ukikaa bila dawa mimba inaweza kutoka, presha ikapanda, ukazaa njiti au mtoto wa uzito mdogo, na akili yake ikaathirika. Nikisikia mtu kaacha dawa eti anamlinda mtoto roho inaniuma kweli, maana hapo ndo anamnyima.

Ila ujue dozi ya zamani mara nyingi haitoshi, mahitaji yanapanda asilimia 25 mpaka 50 na yanapanda mapema, so ukiona tu mistari miwili mtafute daktari usisubiri tarehe ya kliniki. Mimi nilipandishiwa mwanzoni kabisa nikawa napima TSH (kipimo cha damu, ikipanda ujue homoni ya tezi haitoshi) kila wiki 4, walitaka ikae chini ya 2.5, na ilikaa.

Sasa dirishani. Unapewa levothairoksini, vidonge vya kuongeza damu na kalsiamu, vyote mfuko mmoja, halafu unaambiwa "meza asubuhi". Jamani hapana! Madini ya chuma na kalsiamu vinaishika hii dawa tumboni isiingie mwilini, ziachanishe masaa 4. Mi nilikuwa nameza levothairoksini nikiamka, maji matupu, nasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo nakula, vya damu mchana. Kichefuchefu kilipozidi daktari akaniruhusu nihamishie usiku, masaa matatu baada ya kula.

Kingine, pakiti ninazopewa za 25 na 50 zinafanana mno, soma maikrogramu kila ukipokea. Na usivibandue ukavijaza kwenye kikopo, havipendi mwanga, joto wala unyevu.

Wenye tezi inayozalisha kupita kiasi dawa zenu ni nyingine, na kabimazoli miezi ya mwanzo inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile, ndo maana daktari anaweza kukuhamishia PTU, dawa nyingine ya kushusha homoni ya tezi. Na kama uliwahi kuugua Graves (kinga ya mwili inaichochea tezi izalishe kupita kiasi) sema kliniki hata kama tezi ilishatolewa, kingamwili zake zinavuka kondo zikamfikia mtoto.

Nikishajifungua dozi ilirudishwa ya zamani, nikapima tena wiki ya 6. Nanyonyesha na naendelea kumeza, inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana.