Mukene wa Masokoni Kampala: Yupi Anamfaa Mama Mjamzito?

Kuanzia Owino hadi Nakawa utakuta mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, wa aina nne: waliokaushwa mchangani, waliokaushwa juu ya chanja, waliokaangwa, na waliosagwa unga. Mama mjamzito anunue wa chanja, wasiosagwa, hata kama muuzaji anapandisha bei kidogo.

Faida kubwa ya dagaa hawa kwa ubongo wa mtoto imo kwenye mafuta ya omega-3, hasa DHA, ambayo ubongo huyahitaji sana miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Wana chuma, zinki na vitamini B12 pia, na kwa kuwa ni wadogo, hawakusanyi zebaki kama samaki wakubwa. Tatizo ni kwamba mafuta hayo ndiyo huharibika kwanza. Mvua ikinyesha wakachelewa kukauka, matumbo hupasuka, rangi ya fedha hugeuka njano kisha kahawia, na harufu huwa ya mafuta yaliyochacha. Hao ni wa kuku. Mzuri anang'aa, na ukimkunja anakatika papo hapo.

Unga tunaupa alama ya chini kabisa, na tunasikitika kuona ukisifiwa kwa wajawazito. Ukishasagwa, hujui dagaa walikuwa na rangi gani. Angalau upime: koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, subiri dakika mbili, kisha sugua kidoleni kilichotua chini. Kikikwaruza, umenunua mchanga. Waliokaangwa ni watamu, lakini moto mkali hupunguza DHA, na mafuta ya kukaangia mara nyingi yamerudiwarudiwa.

Kwa mlo mmoja, gramu 30 za wakavu zinatosha, nazo ni karibu sawa na gramu 100 za wabichi. Mara mbili au tatu kwa wiki. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, kisha watoe kwa mkono. Ukimwaga maji pamoja nao, mchanga unarudi. Rudia mpaka beseni libaki safi. Usitupe vichwa, vina kalisi. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia dagaa, kisha rojo la karanga, uache moto mdogo dakika 20. Karanga zichambue kabla ya kusaga: zilizosinyaa au zenye ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini. Harufu ikimchefua mama, kamulia ndimu na ongeza tangawizi.

Mukene hawatoshelezi kila kitu. Samaki wa maji yasiyo na chumvi wana iodini kidogo, kwa hiyo chumvi iwe yenye iodini, itiwe mwishoni. Kolini, kirutubisho kingine cha ubongo wa mtoto, ipatikane kwenye mayai: mawili yaliyoiva vizuri hutoa zaidi ya nusu ya miligramu 450 za siku. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, inafaa ianze kabla ya kushika mimba, maana mfereji wa neva (unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo) hufunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama wana mimba. Mboga za majani kama dodo na nakati zinasaidia, ila hazichukui nafasi ya kidonge.

Chai ikae mbali na mlo huu kwa saa moja au zaidi, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Udongo wa kutafuna nao hushika chuma tumboni, na mwingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mama anayeutamani sana apimwe damu kliniki, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu.