Multimita ya elfu kumi na nane na Altezza ya 1999

Multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, nimeinunua Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, shilingi 18,000 baada ya muuzaji kuanzia 25,000. Ni ile ya njano inayojaa kiganjani, imeandikwa DT-830 mbele na haina jina la kampuni popote. Nimeitumia miezi kumi na moja kwenye Toyota Altezza RS200 yangu, injini ya 3S-GE, gia sita za mkono. Naandika kwa sababu kila anayenikuta nimefungua boneti hapa Kigamboni anauliza nimenunua mashine gani ya kupimia gari.

Mashine ninayo, na haina faida. Ni kidude cha buluu cha Bluetooth, 35,000. Kinaingia vizuri kwenye lile tundu la pini 16 chini ya usukani, taa zake zinawaka, halafu simu inasema imeshindwa kuunganisha. Tundu ni lile lile, lugha ndiyo tofauti. Altezza yangu ilitengenezwa kwa soko la Japani, na huko sheria ya magari yote kuzungumza lugha moja ya uchunguzi ilikuja miaka mingi baadaye. Kidude siku hizi anachezea mwanangu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Asubuhi gari linawaka mara moja. Nikipanda pantoni nazima injini kama wote, tunavuka, tukifika Magogoni haliwaki. Napiga stata, napiga stata, harufu ya petroli imejaa, nyuma honi na bajaji, na kuna kijana lazima apige kelele, "Dada, sukuma!" Likija kuwaka linatoa moshi mweusi, na silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka. Mafuta lilikuwa linakunywa kama daladala. Taa ya cheki injini inawaka siku mbili, inazima wiki.

Nilipeleka gereji mbili. Ya kwanza walibadilisha plagi. Ya pili fundi alisikiliza injini dakika tatu akasema, "Dada, hii kontrolboksi imekufa. Tafuta used, laki tatu na nusu." Kontrolboksi ndiyo kompyuta ya injini. Nikamuuliza amepima nini. Akanitazama kama nimemtukana. Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali. Mgonjwa hapewi dawa kwangu kabla ya kipimo, sasa gari kwa nini lipewe?

Jumamosi nikakaa chini ya mwembe na multimita. Toyota za umri huu zinajieleza zenyewe bila mashine. Swichi ikiwa imezimwa, unaunganisha tundu namba 4 na namba 13 la ile soketi ya pini 16 kwa kipande cha waya, kisha unafungua swichi bila kuwasha injini, unahesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. Yangu ilipepesa mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikapepesa mbili tena. Ishirini na mbili: njia ya sensa ya joto la maji. (Hesabu matundu kwa tochi, usikisie. Namba 16 ina umeme wa betri muda wote.)

Sensa hiyo ni kitu cha kupima kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Ikiwa ya baridi, nyuzi 20 hivi, inasoma kilo-omu 2 hadi 3. Maji yakifika nyuzi 80 inashuka hadi omu 200 mpaka 400. Yangu injini ikiwa ya moto ilisoma 310. Nzima kabisa. Hapo mtu mwingine angerudi kwenye kontrolboksi, na nakiri nilianza kuhesabu laki tatu na nusu yangu. Lakini soketi ya sensa ilikuwa imekauka, imebaki kama biskuti, na waya mmoja una kutu ya kijani. Chumvi ya bahari hiyo, wa Kigamboni mnaijua. Nikachoma pini kwenye kila waya, kama shubiri moja nyuma ya soketi, nikapima kutoka pale hadi kwenye chuma cha soketi. Waya mmoja omu 0.6, ambayo ni ya nyaya za multimita zenyewe. Wa pili kilo-omu 1.9, na nikiutikisa namba zinaruka.

Basi ndiyo hivyo. Sensa inasema maji yamepata moto, kutu inaongeza karibu kilo-omu mbili njiani, kontrolboksi inadhani injini ndiyo kwanza inaamka na baridi, inamwaga petroli. Waya ukiachia kabisa ndipo taa inawaka. Soketi used Ilala, Shauri Moyo, 5,000 pamoja na vipande vya waya. Nimeunga kwa risasi, nikavuta fyuzi ya EFI (mfumo wa petroli wa injini) dakika moja kufuta kumbukumbu. Pantoni nimevuka tangu Machi bila kusukumwa.

Baada ya hapo multimita imenikamatia alamu ya zamani iliyokuwa inanyonya ampea 0.38 usiku kucha, kiasi cha kumaliza betri ya ampea-saa 45 kwa siku tano hivi. Alterneta naipima kila mwezi: volti 14.1, sawa.

Sasa kasoro za multimita, maana zipo. Nyaya zake ni ngumu kama mkia wa ng'ombe, na wa hasi ulichomoka mwezi wa nne. Kioo hakina taa. Tundu la ampea 10 la hii yangu halina fyuzi ndani, kwa hiyo ukiusahau waya pale kisha ukapima volti za betri, unakuwa umeigusanisha betri chanya kwa hasi mkononi mwako. Na kubwa zaidi: betri yake ya volti 9 ikichoka, inadanganya kwa kuzidisha. Siku moja betri ya gari iliyolala usiku mzima ilisoma 14.8. Betri iliyopumzika na kujaa ni 12.6. Nilikuwa karibu kwenda kugombana na aliyeniuzia alterneta.

Kwa bei hiyo naipa nne kwa tano. Ukienda kununua, beba betri mpya ya saa ya ukutani na uipime palepale dukani. Inatakiwa isome volti 1.5 na kitu kidogo. Mbili za kwanza nilizopewa zilisoma 1.9 na 2.2, na muuzaji akasema, "Dada, hizo ndizo zenye nguvu."