Niliuliza tutaondoka saa ngapi, nikaambiwa ningepanda ndege

Basi kuharibika halikunikasirisha. Nalitanguliza hilo mapema, maana najua wapo watakaosema gari ni chuma na chuma huchoka. Nakubali. Kilichoniuma mpaka leo ni kinywa cha kondakta.

Ilikuwa juzijuzi, safari ya usiku. Tulishauacha mji nyuma, tunapanda mlima, mara ikaja harufu ya mpira kuungua, halafu mvuke. Dereva akaegesha pembeni. Mkanda wa feni umekatika, gari limechemsha.

Nikashuka. Utingo, kijana mdogo, alikuwa na dumu la maji na tambara mkononi, tayari kufungua kifuniko cha redieta. Dereva akamshika mkono. Akamweleza polepole kwamba maji ya mle ndani yana presha, yanavuka nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua tu yanakurukia usoni. Tena maji baridi yakiingia kwenye injini ya moto namna ile, silinda hedi inaweza kupasuka. Akasema tusubiri mpaka ipoe yenyewe. Dereva yule namheshimu sana, ametuendesha safari nzima bila kulipita gari lolote kwenye kona.

Lakini hayo aliambiwa utingo. Sisi abiria hatukuambiwa kitu.

Nikamfuata kondakta. "Kaka, tutaondoka saa ngapi?" Dakika tano. Nikakaa, nikakaa, nikarudi kuuliza. Dakika tano. Kulikuwa na mama mmoja na mtoto mchanga, shida yake ilikuwa ndogo tu: awapigie simu wanaomsubiri stendi warudi nyumbani wakalale, au wasubiri? Naye akajibiwa dakika tano. Nikaenda mara ya tatu kwa ajili yake. Ndipo kondakta akanigeukia mbele ya watu wote, kwa sauti: "Kama una haraka ungepanda ndege."

Nimelipa nauli kamili. Nilifika stendi kabla ya muda waliouandika wenyewe kwenye tiketi. Haraka yangu iko wapi hapo?

Na alijua! Injini iliyochemsha haipoi kwa dakika tano, na mkanda mpya ulikuwa unakuja na basi lililokuwa nyuma yetu, mbali huko. Hilo tulilijua mkanda ulipofika. Angetuambia mapema tungejifunika nguo zetu tukalala. Yule mama angepiga simu yake. Badala yake watu walisimama kwenye baridi wakichungulia barabara, kwa sababu kila mmoja alidhani akikaa ataachwa.

Mabasi ya mjini tunayatukana kila asubuhi kwa kutubananisha. Lakini siku moja lilizimika nikiwa ndani, na konda akarudisha nauli bila kuombwa, akatusimamishia jingine. Kumbe inawezekana.

Tuliondoka kunakaribia kupambazuka. Siti ni nzuri, mikanda ya usalama inafunga, mzigo wangu kwenye buti niliukuta salama. Nilipokuwa naanza kuandika nilitaka kusema pandeni tu, kwa ajili ya dereva. Sasa nimemkumbuka yule mama alivyokuwa akimbembeleza mwanawe gizani, simu mkononi, hajui apige au asipige. Hapana. Msipande. Mimi mwenyewe labda nirudi siku nikihakikishiwa kwamba dereva ni yuleyule na mlangoni yupo mtu mwingine.