Spika ya Magurudumu kwa Gwaride la Jamhuri: Shida Si Sauti, Shida Ni Kuchelewa

Habari zenu watu wangu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nimekasirika na nimefurahi, na yote mawili yametoka kwa hii spika mnayoiona hapa. Tulia nami mpaka mwisho, hasa kama uko kwenye kamati ya Sikukuu ya Jamhuri ya mtaa wenu, kwa sababu kuna jambo nitakuonyesha hapa barabarani ambalo wauzaji hawakuambii.

Sifa za kawaida nazipitia haraka, mnazijua. Inchi 12, magurudumu mawili, mpini wa kuvuta, maiki mbili zisizo na waya, redio, mahali pa flashi, Bluetooth, taa za rangi rangi. Wati zimeandikwa kwenye boksi, na mimi wati za boksi niliacha kuziamini zamani. Ukipita Luthuli Avenue hapa Nairobi utaikuta karibu kila duka, jina tofauti, umbo lile lile. Muuzaji alianza na 18,000, tukavutana, tukaichukua kwa shilingi 14,500. Usikubali bei ya kwanza pale.

Sasa kwa nini tunazungumzia gwaride? Wanaonifuata kwa muda mnajua niko kwenye kamati yetu hapa Umoja. Tarehe 12 Desemba asubuhi tunashika Moi Drive hadi uwanja wa shule: vijana wa brigedi na ngoma zao mbele, skauti, Girl Guides, watoto wa shule za msingi, akina mama wa chama, wazee, halafu watu wa bodaboda nyuma kabisa na bendera. Sherehe kubwa za kitaifa siku hizi zinazunguka kaunti. Madaraka ilipelekwa Nakuru 2016, na 2024 ilikuwa Bungoma, 2025 Homa Bay. Ni jambo zuri sana, nchi ni ya wote. Hata zinaporudi Nairobi, Uhuru Gardens au Nyayo, mtoto wa Umoja mara nyingi anaziona kwa runinga tu. Gwaride analolishika kwa macho yake ni hili la mtaa. Kwa hivyo nataka liwe sawa. Nataka miguu ishuke pamoja.

Na miguu ndiyo ilinifanya ninunue spika. Safu yetu ni ndefu, na kila mwaka mbele wako kushoto, nyuma wako kulia, katikati wanabadilisha badilisha miguu. Watu husema, "Ongeza sauti, nyuma hawasikii." Hapana. Wanasikia. Wanasikia ikiwa imechelewa.

Ngoja niwaeleze vizuri. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mwendo wa haraka wa gwaride ni hatua 120 kwa dakika, yaani kila hatua nusu sekunde. Piga hesabu: aliye mita 170 nyuma ya ngoma anaipata nusu sekunde baadaye, hatua nzima. Wewe unakanyaga kushoto, yeye ndiyo kwanza anasikia pigo la kulia. Kwenye mita 85 ni mbaya zaidi, kwa sababu pigo linamkuta mguu ukiwa hewani, hajui aushushe au angoje. Sasa ukiongeza sauti umesaidia nini? Pigo ni lile lile lililochelewa, kwa kelele kubwa zaidi.

Basi muuzaji akaniambia nunua mbili, ziunganishe kwa Bluetooth, moja mbele, moja nyuma, zote zitapiga pamoja. Nikaazima ya pili kwa rafiki, aina ile ile. Hizi hapa zote mbili. Nimeziweka hatua tatu tu kutoka moja hadi nyingine. Kwenye simu nimeweka mlio wa kuhesabu, 120 kwa dakika, mlio mkavu usio na muziki. Sikiliza, usiongee... Umesikia? Haisemi "ta, ta, ta". Inasema "tata, tata, tata". Vaa vifaa vya masikioni urudie hapo. Ile ya pili inakuja nyuma ya ya kwanza. Bluetooth ina tabia hiyo, inapokea, inafungasha, inafungua, na hapo muda unapotea, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, au hata sehemu mbili za kumi. Ukicheza rumba sebuleni hutajali. Kwa gwaride ni sumu.

Haijaisha. Kijana wangu anaivuta ya pili kuelekea kituo cha matatu. Endelea... endelea... Imekatika. Hajafika hata kwenye kibanda cha Mpesa. Bluetooth ya kawaida inafanya kazi kama mita kumi, ukibahatika zaidi kidogo, na ukiweka miili ya watu mia mbili katikati, sahau. Kwa hivyo wazo la spika mbili kwa Bluetooth kwenye gwaride, mimi nasema hapana. Usitumie hela ya mchango wa watu kwa hilo.

Nilikuwa tayari kuirudisha dukani, kweli. Halafu nikaishika hii maiki.

Hapa ndipo furaha inapoanza. Maiki hizi hazitumii Bluetooth, zinatumia mawimbi ya redio moja kwa moja, kama kituo cha FM kidogo. Na mawimbi ya redio hayachelewi kama hewa. Sasa tazama tunavyofanya. Mpiga ngoma wetu wa brigedi anakwenda hadi getini na ngoma kubwa, maiki imefungwa kwa utepe kwenye ukingo wa ngoma, si mbele ya ngozi, maana pigo litapasua sauti. Spika imebaki hapa kwangu. Kwanza naizima. Tazama fimbo yake na usikilize. Fimbo imegusa... ndipo sauti inakuja. Uliona pengo? Dogo, lakini lipo. Sasa nawasha. Piga, kijana... Mmeona! Fimbo na sauti pamoja! Rudia... Pamoja kabisa! Mimi niliposikia hivyo mara ya kwanza nilipiga kelele hapa barabarani, majirani wakatoka.

Kwa hivyo mpango wetu umegeuka. Spika haitangulii gwaride tena. Inavutwa nyuma, baada ya watoto wa shule, na mradi mawimbi ya maiki yafike huko, ngoma iliyo mbele inafika kwa wazee na bodaboda bila kuchelewa. Watu wa katikati wasikie ngoma ya kweli, na waangalie fimbo ya kiongozi wa bendi ikipanda na kushuka. Macho hayachelewi. Mpe kiongozi fimbo ndefu, ainue juu ya vichwa.

Lakini kuna kitufe kimoja kitakuharibia kila kitu. Sogeza kamera hapa. Kimeandikwa "echo". Kutoka dukani kimewekwa katikati, kwa sababu watu wanapenda kuimba nacho. Sikiliza pigo moja kikiwa hivyo: du-du-du-du. Pigo moja limekuwa manne! Kizungushe mpaka mwisho upande wa kushoto, kisha kibandike utepe juu ili mtoto asikiguse. Usipofanya hivyo watu wa nyuma watatembea kwa mwangwi.

Wimbo wa taifa uweke kwenye flashi, tafadhali sana. Usiucheze kutoka kwa simu. Nimehudhuria shughuli moja watu wamesimama wima, kofia zimetolewa, simu ya mtu ikaita kupitia spika, na muziki ukakatika kwenye ubeti wa pili. Niliumia. Wimbo ule ulitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo wa Mto Tana, unastahili kusikika mpaka mwisho.

Wapinzani wake? Kipaza sauti cha mkononi ni bei nafuu na kinatosha kutoa amri, lakini ngoma haipiti mle. Mitambo ya kukodi juu ya pikapu ina nguvu kuliko hii mara nyingi, ila inachelewa vilevile kwa walio mbali, na moshi wa jenereta unaingia kwa watoto wanaotembea nyuma yake. Wenzangu wengi wa uchambuzi wanazipima spika kwa besi tu. Besi yake ni ya wastani, sina shida nayo. Kasoro yake kubwa kwangu ni matundu ya juu yaliyo wazi. Desemba bado kuna mvua za vuli, kwa hivyo weka mfuko wa plastiki juu, acha uso wa spika wazi. Na magurudumu ni ya plastiki ngumu, kwenye mashimo inaruka. Wavute watu wawili.

Mkinunua bendera za mkono kwa wachuuzi, kagueni mistari myeupe kati ya rangi, na ngao na mikuki iwe imetokea pande zote mbili. Nyeusi juu. Nitafanya video nzima ya bendera wiki ijayo, na ya mahema baada yake, kwa hivyo jisajili ubonyeze kengele.

Kwa shilingi 14,500, moja tu, kwa ajili ya maiki yake: nunua. Mbili kwa Bluetooth: usinunue hata kwa nusu bei.

Na kabla hamjanunua chochote, andikeni ile notisi ya polisi. Sheria ya Utaratibu wa Umma (Public Order Act) inataka msimamizi wa kituo cha eneo lenu ajulishwe kati ya siku 14 na siku 3 kabla ya watu kutembea. Kwa Jamhuri, hiyo ni kuanzia tarehe 28 Novemba hadi 9 Desemba. Andikeni majina ya waandalizi, njia, saa ya kuanza na kumaliza, na nakala yenu igongwe muhuri palepale mezani.