Rivyu: Websaiti ya NCSL kwa mwanafunzi anaefanya risachi ya sheria za majimbo Marekani

Nimeitumia hii websaiti muhula mzima kwa risachi ya kima cha chini cha mshahara kwenye majiji ya Marekani kwa hiyo siongei kwa kusikia. Naipa nyota nne kati ya tano, ila soma mpaka chini maana hiyo ya tano ndo ilitaka kunitoa roho.

Kwa wasioijua, NCSL ni chama cha mabunge ya majimbo, kimeanza 1975, makao makuu Denver. Yani wabunge wa majimbo na wafanyakazi wao wamejiundia ofisi ya risachi, na kazi yao nyingi wanaiacha wazi, sisi wengine tunaokota bure. Mimi nilipenda jedwali moja tu: unafungua ukurasa wa kima cha chini unakuta majimbo yote 50 mstari kwa mstari, nani bado yupo kwenye dola 7.25 kwa saa ya serikali kuu ambayo haijaguswa tangu 2009, nani kapandisha, nani hana sheria yake kabisa kama Alabama na Tennessee. Kama unadhani hiyo ni kazi ndogo jaribu kuifanya mwenyewe. Mimi nilijaribu kabla sijaelekezwa huku, kila bunge lina websaiti yake na utaratibu wake na namba zake za miswada, Nebraska wana chemba moja tu tangu 1937 na mimi nahangaika kutafuta muswada ulipita vipi seneti halafu baraza la chini, baraza lipi sasa? Texas nao wanakutana miaka ya witiri tu, siku 140, ukitafuta kitu cha mwaka wa shufwa unajiona mjinga kumbe kikao cha kawaida hakikuwepo. Wikiendi mbili zilipotelea hapo.

Uandishi wao pia safi, sio ule wa kiwakili wa sentensi moja nusu ukurasa. Kuna kurasa zinataka akaunti ya mbunge au mfanyakazi wa bunge, hapo sikununa, chama ni chao.

Haya, nyota ya tano. NCSL inaishia mlangoni kwa jimbo, na serikali za mitaa Marekani zipo zaidi ya 90,000 ukihesabu kaunti, majiji, wilaya za shule mpaka vile vibodi vya maji na zimamoto, hakuna jedwali la kubeba mzigo huo na wala siwalaumu. Shida ni kwamba swali langu mimi lilikuwa la jiji, tena St. Louis ya jimbo la Missouri, ambayo hadithi yake ni ya ajabu: tarehe 5 Mei 2017 kima cha chini cha jiji kilianza kuwa dola 10 baada ya kupigwa danadana mahakamani karibu miaka miwili, halafu tarehe 28 Agosti mwaka huohuo sheria ya jimbo inayokataza majiji kuweka kima kinachozidi cha jimbo ikaanza kufanya kazi na kima kikarudi 7.70. Miezi haijafika hata minne! Na Missouri ndo jimbo la kwanza kuyapa majiji haki ya kujiandikia katiba zao, 1875, na St. Louis ndo ilikuwa ya kwanza kuitumia. Sasa ukiangalia jedwali la majimbo unaona Missouri 2017, 7.70, basi, kama vile hakuna kilichotokea.

Nikaona nijiongeze, nikalipia mwezi mmoja kwenye huduma fulani (jina silitaji) inayosema ina sheria ndogo za majiji yote. Ina muonekano mzuri sana aisee, ramani za rangi, grafu zinacheza. St. Louis wameandika dola 10. Bado. Na mimi nikaibeba hivyohivyo nikaiweka kwenye rasimu, nikajenga aya nzima kwamba jiji lilishinda. Aliyeniokoa ni mkutubi wa chuo, mama mmoja mpole, akaniuliza tu "tarehe ya hiyo namba ni lini?" nikabaki natazama skrini. Akanionyesha Municode, kule majiji mengi yanaweka vitabu vyao vya sheria ndogo na kusoma ni bure, ila akaniambia kitabu kinakuonyesha sheria ilivyo leo, iliyozimwa utaifuata kwenye kumbukumbu za vikao vya baraza au umuandikie karani wa jiji. Ndivyo nilivyofanya, na magazeti ya wakati ule yakajazia palipobaki.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnaoanza: fungueni NCSL kwanza mjue jimbo linaruhusu nini na linakataza nini, maana jiji la Marekani halina nguvu ila ile iliyopewa na jimbo (kuna jaji wa Iowa anaitwa Dillon alishalisema hilo 1868 na mpaka leo mawakili wanamtaja), ndo mshuke kwenye jiji mkishajua ukuta upo wapi. Kura za maoni za wananchi zitafuteni Ballotpedia, websaiti ya mambo ya kura za Marekani, kwa mfano ile ya Missouri ya 2018 iliyopandisha kima mpaka dola 12 kufikia 2023, wameipanga vizuri kuliko nilivyotegemea. Hela ya huduma za kulipia mle wali.

Mimi nilipata B+. Profesa aliandika pembeni kwa peni nyekundu: "Na Birmingham?" Birmingham ya Alabama, 2016, jiji lilipitisha dola 10.10 na jimbo likaifuta ndani ya siku chache, kesi ileile kabisa. Nilikuwa nayo kwenye noti zangu, niliikata ili jedwali la NCSL lienee kwenye ukurasa.